Upana wa Mkono

Nilistaafu Machi. Aprili nikanunua nyundo.
Miaka thelathini na moja nimesoma mita za umeme za watu,
Mabela mpaka Barka, nyumba kwa nyumba, namba kwa namba,
wala sijawahi kupigilia msumari ukasimama wima.

Uani kwetu saruji tupu,
chini ya saruji kifusi,
chini ya kifusi jangwa linalongoja zamu yake.
Mama akasema, "Mtu hapandi mboga juu ya sahani."
Basi sahani tutaiinua kingo, nikajibu, iwe bakuli.

Chaga za kubebea marumaru nilizipata kwa Rafiqul,
fundi wa jengo la jirani.
Fulusi akazikataa, akataka chai ya maziwa
kila alasiri mpaka kazi iishe.
Maskini, hakunijua.

Nilipima mara moja, nikakata mara tatu.
Pembe zikapishana kama ndugu waliogombea urithi.
Siku ya kumwaga udongo, magunia kumi na manne,
ubavu mmoja ukafunguka, pwaa!
udongo wa riali zangu ukatambaa
hadi kwenye busati la mlangoni.
Rafiqul alicheka hata akakaa chini.
Kisha akainuka, akaenda kuleta skrubu.

La upana nililijua nimeshachelewa.
Mita moja na nusu, nikaliegemeza ukutani, nikajivuna;
kumbe mkono wangu hauvuki sentimita sabini
hata nikiuvuta, hata mgongo ukilia.
Nimepima kila kitu isipokuwa mimi.

Mama ni mzaliwa wa Wete,
alipanda kunde kabla ya kujua alifu.
Akaamuru samadi ya mbuzi, mbichi, ingali na joto la banda.
"Mimi ndiye nikwambiaye." Nani abishe?
Miche ishirini na miwili ya mchicha
ikaungua kwa siku nne,
majani yakawa kama risiti zilizosahauliwa mfukoni.

Aliitazama sana.
Akaufunga upya mtandio uliokuwa umefungwa vizuri.
"Kule mvua ilifanya nusu ya kazi," akasema,
"nami nikijisifia yote."
Kesho yake nilimkuta uani alfajiri,
ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
anachambua udongo kwa vidole, anaunusa, ananyamaza.
Mwanafunzi mpya, miaka themanini na miwili.

Joto likaingia. Tukangoja.
Samadi ikalala juani mpaka ikasahau hasira zake.
Viyoyozi vikanguruma usiku na mchana,
na kile kimpira cheupe kikadondosha maji ndooni,
tone,
tone,
maji yasiyo chumvi, yasiyo bili.
Nikapiga hesabu: lita kumi na nane kwa siku!
Bustani itajinywesha yenyewe!

Novemba tukapanda.
Hewa ikapoa, tukazima viyoyozi.
Ndoo ikakauka pamoja na hesabu yangu.

Sasa ni Desemba na mchicha umeshika,
wa mbele mnene, ninaoufikia,
wa nyuma, kule ukutani, mwembamba na mwingi.
Nimelaza ubao uliobaki, kingo hadi kingo,
na Ibtihaj, mjukuu, uzito wa kilo kumi na saba,
anatambaa juu yake kama mjusi, anahesabu kwa sauti.
"Arubaini na tatu, babu! Na kimoja sikijui!"
Mkono ukaenda wenyewe kwenye penseli ya useremala.
Nikaandika ukutani: 43, tarehe, saa.
Namba ya kwanza niliyoisoma
ambayo hakuna wa kuilipa.

"Arubaini na tatu hazijazi chungu," Mama akasema.
Ni kweli. Ukinywea moto, mchicha si kitu.
Nimemwambia Rafiqul tutajenga la pili,
jembamba, upana wa mkono.

Ameuliza kama chai ni ileile.