Onyesha Njia

Januari, Isongole. Ukungu umeingia ofisini
bila kubisha hodi, umekaa kwenye benchi la walimu.
Jiko la mkaa katikati, miguu yetu imelizunguka,
na mezani karatasi moja: majina mia na kumi na nne
ya watoto wanaoingia kidato cha tatu.

"Hesabu za ziada," akasema mwalimu wa taaluma. "Kata hapa."
Nikachukua rula.
Sikuuliza kwa nini hapo.
Nilijua: darasa la mwisho lina madawati arobaini,
na mawili yamevunjika miguu.
Thelathini na nane, basi.
Mstari ukapita chini ya jina la Ambakisye,
ukamgusa Subilaga utosini.

Sasa sikiliza.
Jumamosi nilikuwa nimemkuta huyo Subilaga
kando ya barabara ya Tukuyu, na viazi vya baba yake
vimefungwa lumbesa, gunia limevimba shingoni
kama mtu aliyemeza asichokitafuna.
Mnunuzi anasema gunia ni gunia.
Binti hana kalamu. Ana kijiti na tope.
Akagawa, akazidisha, akafuta kwa kisigino,
akasema bila kupandisha sauti:
"Kila magunia matatu unayolipa, mjomba,
la nne unaondoka nalo bure."
Mnunuzi akacheka. Kisha akaacha kucheka.
Mimi na baiskeli yangu tulikuwa hatua tano tu;
nikainamia mnyororo ambao haukuwa na tatizo lolote.

Jumatatu tukabandika majina mlangoni.
Akasoma mpaka chini, akarudi juu,
akashuka tena na kidole, taratibu,
kama anayepapasa sindano kwenye mkeka.
Hakulia. Angelia, ningejua la kufanya.
Akaja mpaka ubaoni, soksi zimelowa umande,
akaniuliza kwa adabu zote:

"Mwalimu, kila siku unatukata alama
tukiandika jibu tupu.
Hili jibu nimeliona.
Njia iko wapi?"

Nikashika chaki.
Nikaandika 114.
Mbali kidogo nikaandika 38.
Nikatafuta alama ya kuweka katikati,
kujumlisha, kutoa, chochote,
darasa zima kimya, hata wale wa nyuma
ambao huwa hawanyamazi.

Nje, upande wa stoo, mtu alikuwa akigongomea misumari.
Nikatega sikio.
Nikaomba liwe dawati.