Kurasa Mbili kwa Mkuu wa Idara

Umeniomba historia ya Idara ya Muziki, Daktari,
kurasa mbili, na chini yake dhamira, aya moja,
ya kuchapwa kwenye kijitabu cha mahafali.
Mimi ni mtunza stoo. Ninachojua ni kuhesabu.
Basi nahesabu.

Piano moja. Ilishuka stesheni ya Tabora
kwenye behewa la mizigo, mwezi wa Machi,
ikakaa nje siku kumi na moja
maana hakuna aliyejua nauli yake inatoka fungu gani.
Mvua ikaionja. Tangu hapo
kibonye cha nne kutoka kushoto hakisemi, kinakohoa,
na wanafunzi wa mwaka wa kwanza hujifunza kukiruka
kama tunavyoruka mtaro wa Kanyenye.

Darasa la kwanza lilikuwa ghala la asali.
Ushirika ulihama, harufu ikabaki,
na nyuki walioachwa bila taarifa
walihudhuria mihadhara kuliko wanafunzi.
Wanafunzi wenyewe saba. Mmoja, Igembe,
alitumwa na baba yake kusomea uhasibu;
alikosea mlango, akasikia manyanga, hakutoka tena.

Na hili liandike, hata kama Utawala watalikata:
Bi Nyamizi wa Ndono alitufundisha ngoma miaka kumi na minne
na hakuwa mwalimu kwenye karatasi yoyote.
Fomu ilidai cheti. Akaweka dole gumba
kwenye daftari la wafagiaji, akalipwa kwa fungu la usafi,
na kila asubuhi, kabla hajagusa ngoma,
alifagia chumba kizima, pembe hadi pembe.
"Sili mshahara wa uongo," alisema,
na vumbi likatoka mlangoni kwa mdundo.

Kanda thelathini na mbili. Nzima, thelathini na moja.
Ile moja ilikuwa ya Kasubi Mhoja,
ambaye babu yake alibeba pembe hadi pwani
akarudi na bega moja limelala.
Kasubi alituimbia wimbo wa wapagazi, beti tatu,
akafariki masika yaleyale.
Mwanafunzi mmoja (jina nalificha, leo ni mkurugenzi)
akarekodi mpira juu yake.
Ukiisikiliza sasa utasikia mtangazaji,
goli, uwanja mzima unachanganyikiwa,
na mwishoni kabisa, pale mpira ulipoishia,
sauti ya Kasubi inamalizia neno moja:
*tufike*.

Bi Nyamizi alikuwa amemsikia mara mbili tu.
Akatuimbia ubeti wa kwanza. Wa pili.
Kabla ya wa tatu akatoka nje, akakaa kidogo,
akarudi, akauimba bila kusita.
Miaka mingi baadaye, wodini Kitete, akanivuta mkono:
"Luhende, ule wa tatu niliutunga mimi."
Umeshanukuliwa kwenye tasnifu mbili.
Ni mzuri kuliko ile miwili.
Mpaka leo sikuwahi kumwambia mtu.

Sasa dhamira. Nimeona ya kamati:
*kuzalisha wahitimu mahiri wenye ushindani sokoni.*
Sipingi, nami sokoni huenda, kila Jumamosi.
Ila ukiniuliza mimi, Daktari,
nyuma ya kila kanda kuna kijipande cha plastiki;
ukikivunja, hakuna awezaye kurekodi juu yake.
Nilivivunja vyote thelathini na moja kwa bisibisi,
usiku ule ule, huku nalia kama mjinga.
Sijui aya hiyo inaandikwaje kwa lugha ya kamati.

Ubeti wa tatu ufundisheni. Semeni ni wa nani.

Nastaafu Ijumaa. Ufagio wa Bi Nyamizi
uko nyuma ya ngoma kubwa, umebaki kishina;
kwenye orodha ya mali nimeuandika "ala ya muziki, moja",
mkaguzi akapiga mhuri bila kuuliza.
Ufunguo nimempa Kulwa.
Mlango umevimba, kama kila masika:
uinue kidogo, ndipo uusukume.