Gramu Tisini

Jumapili, ghorofa ya tatu, Alkhuwairi.
Nimeletewa tamko la kurasa mbili
nilitie Kiswahili kabla ya adhuhuri:
ndege inaruka usiku, na katoni elfu mbili
zinangoja lugha.

"Msimamo wetu wa nje," tamko linaanza,
nami nakwama papo hapo.
Msimamo, basi mtu asimame. Wa nje, asimame wapi?
Barazani? Bwana Mundhir anacheka:
Andika tu, Rayya. Kiswahili chenu cha Ng'ambo
kina maswali kuliko Umoja wa Mataifa.

Naandika.
Utu hauna mpaka. Naandika.
Mkono utoao haumuulizi apokeaye kabila lake.
(Hili la mkono ni langu. Kiarabu chake kilikuwa kikavu.)
Kila binadamu ana haki ya kuondoka, na ya kurejea kwao.
Hapo nikanywa maji.

Kwa kuwa nyuma yangu Zahara Hiribae
alikuwa akipangusa dirisha lililokwisha kung'aa.
Kwao ni Garseni. Mto umepanda mpaka kwenye ubao wa madrasa,
mama yake yuko juu ya tuta la barabara,
siku ya tisa leo, yeye na mbuzi wa jirani.
Pasipoti ya Zahara iko Mabela, ndani ya droo ya kafili,
chini ya risiti za umeme,
na kafili ameshatangulia Salala,
manyunyu ya kharifu hata hayajaanza.
Akirudi tutazungumza, kasema.

Zahara aliniuliza bila kugeuka:
Dada, hizo katoni, nani kazipa ruhusa?
Wizara. Zina barua. Zina mihuri mitatu.
Zinapanda saa ngapi?
Saa sita.
Akahesabu kwa vidole.
Alfajiri zitakuwa kwetu, akasema,
akakamua kitambaa, akakikamua tena
kikiwa kikavu.

Kisha akatoa soksi mfukoni.
Ndani ya soksi, miwani ya kusomea,
riali moja na nusu, dukani Ruwi.
Mama hakuona herufi tangu mwaka juzi.

Nilimwambia ukweli: katoni elfu mbili, mama mmoja.
Akaniambia: Wenye macho mabovu kule
si mama yangu peke yake.

Sibu, ghalani, saa nne usiku.
Unga, maharage, vidonge vya kusafishia maji,
na mablanketi ya manyoya, mazito kama kondoo.
Ya Garseni! Nani alichagua, sikuuliza.
Juu ya kila katoni, maneno yangu kwa wino wa kijani.
Sheria ni moja: kisichomo kwenye orodha hakisafiri.
Katoni namba elfu moja mia tatu na kumi na sita
ikazidi gramu tisini.
Kijana wa mizani akaniangalia.
Unyevu, nikasema. Blanketi limenyonya unyevu.
Hewa ya Sibu ilikuwa shahidi wangu:
shati lake lenyewe lilimganda mgongoni.
Akapiga muhuri. Nikatia sahihi.

Njiani nikamuuliza Bwana Mundhir:
Ile sentensi ya kuondoka na kurejea, inamhusu nani?
Taa ya barabarani ilikuwa nyekundu; alikuwa na muda wa kufikiri.
Rayya, akasema kwa upole wa mtu aliyechoka,
nimekwambia tangu asubuhi. Wa nje.

Jumatatu, televisheni ya ukumbini:
ndege, bendera, kijana anapokea katoni kichwani.
Zahara aliweka ufagio, akasogea mpaka pua ikagusa kioo,
anatafuta namba.
Msemaji akasoma sentensi yangu ya mkono.
Aliisoma vizuri.

Namba ya simu ya kafili ninayo,
Zahara aliniandikia nyuma ya risiti ya miwani.
Leo ni Alhamisi.
Nimeikariri, naweza kuisoma kinyumenyume.
Sijaipiga.