Bonde la Kikombe

Mwanvita kapiga simu toka Mwanza, analalama:
vileja vyake vinapasuka ndani ya oveni,
vinamomonyoka mdomoni kama udongo wa kichuguu.
"Nimefuata vilevile, dada. Unga wa mchele vikombe vitatu,
sukari kimoja, samli vijiko vinane, mayai mawili.
Kuna kitu umenificha."

Sijaficha kitu. Ila hivyo vikombe,
hapo nikanyamaza.

Hapa Tandika kila mtu na kipimo chake.
Muuza dagaa ana kopo lililopandishwa kitako kwa nyundo.
Wa maharage anajaza sado mpaka inaota kilima,
kisha kiganja chake kinapita juu, kinarudi na chake.
Gunia la viazi likivaa kofia linaitwa lumbesa.
Mama alitufunza: usitazame mdomo wa kopo,
tazama kitako.
La kwetu hatukulitazama.

Nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Kongo,
nikanunua mizani ya betri, bapa kama sahani,
na kikombe kipya cha bati, cheupe, ukingo wa buluu,
pacha wa kile cha mama.
Nikazima feni. Unga wa mchele hauna adabu mbele ya upepo.

Wa kumimina, bila kugonga: mia moja tisini na nane.
Uleule, nikaushindilia kwa ngumi: mia mbili thelathini na moja.
Kumbe hasira zangu za asubuhi
zina gramu thelathini na tatu.
Sukari, mia mbili hamsini na tano;
gandamiza utakavyo, haisogei sana, ina msimamo wake.
Iliki sikuipima. Iliki mama aliipima kwa pua.

Kisha kikombe chake.
Mia moja themanini na mbili.
Nikamwaga, nikamimina tena.
Mia moja themanini na mbili.

Nikakipindua.
Kitako kimebonyea kwa ndani, bonde la kutosha dole gumba,
na katikati ya bonde, doti nyeusi ya kutu.

Arobaini ya baba.
Picha yake ilikuwa imetoka studio, ina kioo na fremu,
na nyundo hatukuwa nayo:
nyundo ilikuwa yake, fundi mwenzake aliiazima msibani
akasahau njia ya kuirudisha.
Mama akashika kikombe kwa sikio lake,
akagongelea msumari ukutani. Mapigo manne. La tano likakosea.
Jioni akakiosha, akapimia unga wa uji.

Tangu siku hiyo kila kikombe kimepunjwa gramu kumi na sita,
vitatu, arobaini na nane,
na mayai hayakupata habari,
samli haikupata habari,
vileja ndio vikawa laini, majirani wakaanza kuagiza.
Nasi tukasema: mkono wa mama.

Nikamwandikia Mwanvita: unga, gramu mia tano arobaini na sita.
Sukari, mia mbili thelathini na tano.
Usishindilie.
Sababu nikaiandika pia, nikaifuta, nikaiandika.

Akachelewa kujibu. Usiku, saa tatu na kitu, simu ikalia.
"Mizani sina, dada," akasema,
na nyuma ya sauti yake nikasikia bati likilia, ko, ko.
"Ule msumari ulikuwa wa inchi ngapi?"