Swali la Kumi na Nne

Nyumba ya kwanza, kwa Phulmani Hembrom, nje kidogo ya Dhanbad.
Dodoso linauliza: kuni kilo ngapi kwa wiki?
Anacheka. Kuni hazipimwi, mwanangu, zinabebwa.
Ananionyesha bega, njia ya kamba.
Naandika ishirini. Nabahatisha.
Samadi: mikate kumi na miwili ukutani,
kila mmoja na chapa ya kiganja chake.
Mafuta ya taa nusu lita, yakipatikana.
Makaa ya mawe?
Hapo ananyamaza,
maana mumewe husukuma baiskeli ya magunia hadi mjini,
mteremkoni breki ni visigino,
na kinachobaki nyumbani ni chenga za kukung'uta.
Macho yake mekundu hayana kisanduku.

Nyumba ya pili, Ranchi, ghorofa ya sita, kwa Bwana Lahiri.
Viyoyozi vinne. Magari mawili.
Ndege, mara ngapi kwa mwaka?
Kikazi tu, anasema, kama anayeungama.
Jiko lake ni kioo, halina ulimi.
Mkewe ananiletea maji baridi:
Sisi hapa hatuna moshi, dada.
Kweli. Nimenusa. Pananukia limau.

Pafukapo moshi pana moto, ndivyo tulivyofunzwa.
Nani alitufunza habari za moto huu,
unaoutuma moshi wake mbali, kama mtoto dukani,
ukapande bomba la mtambo wa umeme
ukashukie kamba ya nguo za watu wengine?

Nilijumlisha ndani ya treni, penseli ikirukaruka.
Hesabu ya Phulmani iliingia katika ya Lahiri
mara kumi na saba, na nafasi ikabaki.
Nilirudia. Nilitaka niwe nimekosea.

Usiku, kwangu.
Swali la kumi na nne: je, kaya ina jokofu?
Linalo. Tangu Jumanne.
La mtumba, mafungu saba, posho ya dodoso hilihili.
Mohini amegandisha maji ya ndimu kwenye kikombe cha chuma,
anakilamba mpaka ulimi unanata.
Na mama, aliyekohoa jikoni miaka arobaini,
amevuta kigoda mbele ya mlango ulio wazi,
amenyoosha viganja vyote viwili,
anaota baridi
kama watu waotavyo moto.

Funga, mama, umeme unapotea.

Unapotea wapi? anauliza,
bila kugeuka.