Si kwa Matumizi ya Binadamu

Mzigo ulitua Malindi Jumanne,
ukalala kwa wakala hadi Alhamisi,
kwa kuwa juu ya sanduku waliandika
Kadzo Ngumbao, Maabara, Malindi, basi,
na maabara yetu haina mtaa wenye jina.
Nzai wa pikipiki alinipigia mara nne.
Nikamwambia: pita kituo cha petroli, shika njia ya Barani,
ukimwona fundi wa majokofu umefika,
mlango wa kijani, si ule wa kinyozi.
Akaenda kwa kinyozi.

Nilikuta sanduku limeketishwa kwenye kiti cha kunyolea
likitoa moshi wake wa mwisho,
barafu kavu imebaki kama kipande cha chaki,
na wateja watatu wamelisogelea kupunga joto.
Ni dawa?
Si dawa.
Chanjo?
Si chanjo.
Nilitafuta neno nikalikosa, nikasema: ni tarishi.
Kinyozi akacheka hadi akaweka mkasi chini.
Tarishi gani huyu asiyejua mlango!

Kichupa hakizidi ncha ya kidole changu cha mwisho.
Ndani, tone moja lililoganda, mikrogramu hamsini,
bei ya mbuzi sita, na ushuru juu yake.
Kazi ya protini hii ndani ya seli
ni kusimama njia panda
na kushika kila kifuko kipitacho, kukisoma mgongoni:
wewe rudi juu, utatumika tena,
wewe shuka jalalani.
Halali. Haulizi kwa kinyozi.

Maandishi yake yalitolewa kwa mtu
(mtu gani, karatasi haisemi)
yakapandikizwa ndani ya bakteria,
nao wakayasoma kama kasuku asomavyo dua,
herufi kwa herufi, bila kujua wanamsema nani.
Kasuku hakukosea.
Kwenye kibandiko wakaandika: Asili, binadamu.
Na chini yake, kwa wino mwekundu:
Si kwa matumizi ya binadamu.

Hapo nikamkumbuka mama.

Mama hutoka nyumbani Maweni kabla ya adhana,
kikapu mkononi, anakwenda sokoni,
soko la mwaka ambao mimi sijazaliwa.
Watu humrudisha. Watoto wa chuoni,
mwuza viazi, siku moja askari wa kaunti
aliyekuwa amekuja kuvunja vibanda.
Hodi. Huyu ni wa hapa?
Ni wa hapa.
Naye huniangalia
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu.

Wenzangu wanasema katika ubongo wa namna hiyo
huenda tarishi huyu amepungua,
mizigo ikarundikana,
cha kurudishwa kikatupwa,
cha kutupwa kikakaa sebuleni.
Huenda, wanasema.
Nalipenda neno hilo. Halijaniahidi kitu.

Usiku umeme ulikatika mara moja tu.
Niliyeyusha tone juu ya barafu, polepole,
seli nimezitoboa kwa sabuni laini apate kuingia,
vifuko nimevipaka rangi ya kijani.
Nikainamia hadubini.
Kitambo kirefu, hakuna.
Nikajiambia, siku mbili kwa wakala, nusu saa kwenye kiti cha kinyozi,
nani angebaki na akili zake?
Shingo ikaniuma. Nikawaza mbuzi sita.

Ndipo kifuko kimoja kikajivuta,
kikafika njia panda,
kikasita,
kikageuka.
Kimoja. Vingine vilikaa palepale.
Nikaandika daftarini: saa nane na dakika kumi, kimoja,
nikapiga mstari chini yake,
kisha nikaona aibu kwa ule mstari.

Simu ikawaka mezani. Mbeyu, jirani wa pili.
Leo ametoka mapema. Yuko kwangu, amekunywa uji,
anasema ana haraka.
Njoo na viatu vyake.