Mavazi ya Hasi Kumi na Nane

Mwangaluka, Minza. Usivae bado.
Hapa Igogo saa moja asubuhi
lami imeshaanza kunuka joto,
na ukijifunga yote sasa hivi
utaingia umelowa mgongo.
Jasho, mwanangu, ndilo linalokugeuka kule ndani.
Baridi haina haja ya kukutafuta:
unaiingiza mwenyewe, kwapani.

Vua hiyo fulana ya kampeni.
Najua ni mpya. Ni pamba.
Pamba inakunywa, haitemi,
kama mjomba wangu Malimi kwenye msiba.
Shika hii nyeusi, ya kubana,
nyepesi kama ganda la kitunguu.
Ya wacheza mpira, ndiyo. Igeuze, mshono usikukwaruze.
Kazi yake si joto.
Kazi yake ni kuyahamisha maji kwenye ngozi,
yapande juu, yaende zake.

Halafu sweta. La sufu.
Hili nililikuta chini kabisa ya belo,
nondo amelitoboa kiwiko,
nikaliziba kwa uzi wa nyavu.
Usilivute. Liache lipwaye kidogo.
Kinachokupa joto si sweta,
ni hewa iliyonaswa humo, imetulia
kama maji ya mtungini.
Ukiibana inatoka, unabaki na nyuzi.

Sasa koti.
Mlango Mmoja, elfu kumi na mbili,
baada ya kuondoka mara mbili na kuitwa mara mbili.
Kwenye zipu palining'inia kikaratasi kimefungwa kwa waya:
mlima mweupe, mtu juu ya mbao mbili,
na tarehe ya miaka tisa iliyopita.
Sikukikata.
Huyo mtu alilipa, Minza. Alilipa ili apigwe na baridi!
Nilicheka mpaka muuzaji akadhani nalilia bei.
Akapanda, akateleza, akapanda tena, siku nzima,
na hakurudi nyumbani hata na ndoo ya maji.
Lakini kuvaa alijua. Hilo namwachia.

Soksi moja nene. Si mbili.
Mbili zinalikaba buti, damu inakosa njia,
ndivyo nilivyompoteza huyu,
tazama, kidole cha mwisho:
hakisikii maji ya moto, hakisikii mwiba.
Mwaka wangu wa pili. Nilidhani wingi ndio werevu.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo
huna budi kuyaoga.
Hawakufika kwenye hasi kumi na nane
wakaona minofu ya sangara imepangwa kwenye maboksi
kama matofali ya nyumba ya mtu tusiyemjua.
Haya maji yetu hatuyavulii.
Tunayavalia.

Na maboksi yanakwenda huko huko, unajua,
kwenye mlima ule au kwa jirani yake.
Samaki anapanda, koti linashuka.
Sijui hupishana wapi.

Nusu saa, unatoka.
Ukitetemeka, vizuri, mwili ungali unagomba.
Ukiona kutetemeka kumekoma
na unaanza kuona usingizi mtamu,
gonga mlango. Kwa ngumi, kwa buti, kwa boksi,
usione haya.
Ukitoka usivue vyote kwa pupa.
Zipu kwanza. Kisha kofia.
Kisha subiri mwili uombe.

Jioni tutapita kwa Nyanjige, muuza mihogo.
Atatucheka kama anavyotucheka kila siku,
jua la ziwani linawaka sisi tumekumbatia masweta:
"Ninyi mnaugua homa ya nchi gani?"
Usimjibu. Nunua muhogo, ule ungali moto,
ushike kwanza kabla ya kula.
Mimi huanza na kidole hiki.
Bado najaribu.

Kofia ishushe, masikio.
Zipu inakwama hapa, usawa wa moyo.
Usiilazimishe.
Irudishe chini kidogo,
hivi,
halafu

haya. Imepanda.